Mume Wangu Anaapa Hali Karanga, Damu Yake Inamkana

Mshauri wangu, pokea salamu zangu kisha unisaidie kabla sijafanya jambo la kujutia, maana hapa nilipo nimekaa juu ya gunia la karanga nyuma ya banda letu, karatasi ya kufungashia ndiyo hii ninayoandikia, na kila anayepita mlangoni namtazama mara mbili nikijiuliza kama naye yumo kwenye njama. Jina langu naomba usilitoe, si kwa aibu, ila kwa sababu ninayemshuku husoma ukurasa wako kabla hata ya kusoma matangazo ya vifo.

Mimi na mume wangu ni wakaangaji, tunakaanga karanga na korosho kisha tunazisambaza madukani, kazi aliyoirithi kwa baba yake pamoja na banda, karai kubwa la chuma na mchanga wa kukaangia, na sitii chumvi hapa, ingawa kutia chumvi ndiyo kazi yangu, nikikwambia kwamba hakuna muuza duka eneo letu asiyetufahamu. Mume wangu wanamwita Bwana Ulimi, kwa sababu hakuna karai linalotoka kwetu bila yeye kulionja, mara ya kwanza likiwa la moto, mara ya pili likishapoa, maana karanga ikishatolewa kwenye mchanga huendelea kuiva yenyewe kwa ndani, ukikosea kidogo tu unafungasha kitu kichungu, na mteja akitafuna kitu kichungu harudi. Ulimi wake haujawahi kukosea, na mimi nilimpendea hata huo ulimi.

Sasa miguu yake ilianza kuvimba, tukadhani ni kusimama motoni, kumbe siyo, tulipofika hospitali daktari akasema figo zake zimechoka, hazijafa ila zimechoka, na tukiwa waangalifu anaweza kwenda nazo muda mrefu bila kufikia mashine ya kusafisha damu. Siku hiyo nilikuwepo, mshauri. Daktari alitaja chumvi, akataja potasiamu, akataja fosforasi, na alipofika kwenye karanga sikusikia tena kilichofuata, kwa sababu niliona kama ameitukana familia yangu yote kwa mpigo. Nikarudi nyumbani nikapiga marufuku. Magunia yaliyokuwa sebuleni nikayahamishia bandani, vifuko vya wageni nikavifungia, watoto nikawaambia nikimwona mtu anampa baba yenu hata punje moja ataona cha mtema kuni. Nikamwondolea mume wangu moto, nikamwondolea kubeba magunia na kuchekecha mchanga, nikamwambia wewe kaa kwenye kiti chako pale mlangoni mwa banda, kazi yako iwe ni ile ya ulimi tu, hayo mengine niachie mimi.

Kliniki sikuweza kuwa naenda naye, maana karai halina likizo, kwa hiyo anayemsindikiza ni dada yake mkubwa, wifi yangu, na hapo ndipo ninapoanza kuona giza.

Vipimo vya kwanza vilirudi potasiamu ikiwa imepanda kidogo, nikasema labda ni mabaki ya zamani. Vya pili vikarudi imepanda zaidi. Nikamkalisha mume wangu kitandani, nikamwuliza, "Baba watoto, sema ukweli, unakula karanga?" Akaniangalia usoni bila kupepesa, akasema, "Mke wangu, sijala karanga tangu daktari aliponikataza." Na mimi huyu mtu namjua, akidanganya hujikuna shingo, na safari hiyo mikono yake ilitulia mapajani kama ya mtoto anayepigwa picha. Alikuwa anasema kweli, naapa alikuwa anasema kweli.

Basi kama yeye hali, ni nani anayemlisha? Machale yalianza kunicheza. Nilimshuku kwanza yule mfamasia anayetuuzia vidonge, nikawa nafungua kila kidonge natazama ndani, nikakuta ni unga mweupe usioniambia kitu. Nikamshuku fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, ambaye hupenda kuja kukaa na mume wangu na ambaye mifuko yake huwa imetuna, nikamwomba anipe koti lake nimshonee kifungo, nikalipekua, nikakuta misumari. Nikawa namnusa mume wangu mdomo akisinzia, na kweli unanuka karanga, lakini mshauri, kwetu hata mito ya kulalia inanuka karanga, sasa hiyo nayo ni ushahidi?

Ndipo nikaanza kumtazama wifi kwa jicho la pili. Kila wanaporudi kliniki haondoki, anaingia naye chumbani, anausukuma mlango, na mkononi ana kibakuli cha plastiki chenye mfuniko. Nikiingia wananyamaza. Nikitoka nasikia wanaendelea. Siku moja nilipita dirishani nikijifanya naanua nguo, nikamsikia akimwambia, "Usimwonyeshe mkeo, ataleta vurugu." Mshauri, nguo zote ziliniponyoka zikaanguka mchangani. Na usisahau jambo moja, lile banda na lile karai ni mali ya baba yao, na mume wangu akiondoka duniani mimi ni mke tu, wenye ukoo watakuja kulihesabu karai lao, na wa kwanza mlangoni atakuwa nani kama si yeye?

Nikamvizia. Alipokwenda uani kunawa mikono nikakinyakua kibakuli nikakifungua, na unajua nilikuta nini? Makademia! Zile punje za mviringo, nyeupe, hazina hata chembe ya chumvi, zimekaa pale chini chache kama zimehesabiwa, na sisi hatukaangi makademia, mshauri, hatujawahi, kwa hiyo haziwezi kuwa zimetoka kwangu, amezinunua mahali na kuzibeba kwa makusudi kuja kumlisha mgonjwa wa figo ambaye amekatazwa! Nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Nikamwambia, "Wifi, umekosa njia nyingine ya kumwua ndugu yako?" Akatoka uani na mikono yake inachuruzika maji, akasema polepole, "Wifi, hayo ni maagizo ya kliniki, mwulize mwenyewe." Nikacheka kicheko kibaya. Kliniki gani inamkataza mtu karanga halafu inamwagiza karanga za kigeni? Nikamgeukia mume wangu, nikamwambia sema basi, naye akainamisha kichwa akawa anatazama vidole vyake vya miguu. Nikamfukuza wifi. Nikamwambia asikanyage kwangu, hata msiba ukitokea asubiri barabarani.

Nikadhani nimemaliza. Nikawa napika kwa mkono wangu, mboga nachemsha namwaga maji kama alivyosema daktari, nyama kidogo, ndizi nimezuia, hata chumvi ya kawaida nimeiondoa nyumbani nikaleta ile chumvi ya wagonjwa, ile ya kwenye kikopo chenye picha ya moyo, na kwa kuwa haina madhara naitia bila woga ili chakula kisimshinde, tena si jikoni tu, mpaka kwenye yale maji ya kulowekea karanga nimeanza kuitia hiyo hiyo, ili akionja asipate chumvi mbaya. Niambie, kuna mke anayejali kuliko hapo?

Halafu vipimo vya juzi vikaja vibaya kuliko vyote. Safari hii nilikwenda naye mwenyewe, daktari alinikazia macho kama mimi ndiye mwizi, akatupa dawa ya unga ya kukoroga kwenye maji ya kushusha potasiamu, akasema akilegea tu tumrudishe haraka. Sasa wifi hayupo, kibakuli hakipo, na damu inapanda! Anakula wapi? Mume wangu haendi popote, ni kitandani na kwenye kiti chake cha mlangoni mwa banda, tena siku hizi oda ni nyingi mpaka hapati hata nafasi ya kuinuka, karai likitoka hili linaingia lile. Ina maana wifi anapitisha vitu kwa mtu mwingine. Nahisi ni fundi viatu. Au kuna mwanamke. Hata hiyo dawa ya unga naitilia shaka, nimempa mara moja nikaacha nikisubiri neno lako.

Tangu jana anasema miguu ni mizito kama si yake, midomo inafanya ganzi, na moyo kuna wakati unaruka kama umesahau kupiga. Hasemi nami vizuri. Nikimwuliza anaonana wapi na dada yake, ananiambia, "Niache nifanye kazi yangu."

Nimeita kikao cha ukoo Jumapili. Nataka nimtaje wifi mbele ya wote, kisha niende polisi na kile kibakuli, bado ninacho, nimekificha ndani ya gunia. Je, nianze na ukoo au nianze na polisi? Namba yangu ya simu iko hapo chini ukitaka kunihoji. Nijibu upesi, maji yamenifika shingoni.

Ni mimi, Mama Karai


MSHAURI ANAJIBU

Mama Karai, barua yako ilinifikia ikiwa na mafuta kwenye pembe zote, na nilipofika kwenye ule moyo unaosahau kupiga, niliiweka chini nikashika simu. Nilikuandikia ujumbe: mpeleke hospitali sasa hivi. Ukanijibu, "Asante mshauri, nikimaliza karai hili." Nikapiga, hukupokea. Nikapiga tena, ikapokewa na kishindo cha chekeche, ikakatika.

Kwa hiyo naanzia hapo, na nakugombeza mbele ya watu wote wanaosoma gazeti hili. Mgonjwa wa figo aliyeambiwa potasiamu yake iko juu, akilegea miguu, akifa ganzi midomoni, moyo ukiruka mapigo, huyo haandikiwi barua. Anabebwa. Potasiamu ikizidi kwenye damu hucheza na moyo, na moyo unaweza kusimama bila kupiga hodi. Daktari alikwambia akilegea umrudishe. Amelegea. Ulikuwa unangoja alegee namna gani? Na ile dawa ya unga uliyoisimamisha ukisubiri neno langu, mimi ni nani? Mimi ni mtu wa gazeti. Daktari aliyeiandika ameiona damu ya mumeo, mimi nimeona mafuta ya karanga kwenye karatasi. Mwambie huko huko hospitali kwamba hajaitumia, usifiche, kisha ufanye watakavyokwambia wao.

Kama unasoma haya na hujampeleka, weka gazeti chini. Litakungoja.

Haya. Kama umeshampeleka na amelazwa mahali salama, kaa kwenye benchi hapo nje ya wodi tuzungumze.

Mimi kazi yangu imenifanya nimshuku kila mtu, kwa hiyo nilikwenda nawe sako kwa bako. Nilimshuku mfamasia wako, nikamwacha. Nilimshuku fundi viatu, nikaiona ile misumari, nikamwonea huruma. Nilimshuku sana wifi yako, maana watu wanaonong'ona nyuma ya mlango uliosukumwa siwapendi hata kidogo. Nikamshuku na mumeo. Halafu, usikasirike, nikakushuku wewe. Nikairudia barua yako nikitafuta mahali punje zinapoingilia, na nilizikuta kwenye aya yako ya pili, umeziweka mwenyewe, tena kwa fahari.

Niambie, karai likitoka motoni, mumeo hufanya nini? Anaonja. Likipoa? Anaonja tena. Je, akishaonja hutema? Hukuandika popote kwamba hutema, na sijawahi kusikia mkaangaji anayetema karanga nzuri. Umesema oda ni nyingi, karai hili likitoka lile linaingia, na yeye hapati hata nafasi ya kuinuka. Umemwondolea moto, umemwondolea magunia, umemwondolea chekeche, ukambakizia kitu kimoja tu, nacho ndicho daktari alichokataza!

Najua utaniambia kwamba huko ni kuonja, si kula. Naye ndivyo anavyoamini, ndiyo maana hakujikuna shingo. Kwenu ninyi watu wa banda, kula karanga ni kukaa chini na kifuko, miguu umenyoosha, unatafuna kwa starehe. Kuonja ni kazi, na kazi haihesabiwi kuwa chakula. Mama Karai, figo hazijui kama uko kazini. Ukibisha, fanya jaribio moja mimi nikiwa sipo. Kaanga siku nzima kama kawaida, na kila punje ambayo angeitia mdomoni, itie kwenye bakuli. Za moto, za baridi, na zile anazoongeza akisema bado sina uhakika. Jioni litazame hilo bakuli, kisha ujiulize kama ungempa mgonjwa wako alimalize lote kwa mkao mmoja.

La pili ni lile la kikopo chenye picha ya moyo. Hapo nilisimama nikazunguka meza. Chumvi nyingi zinazouzwa kama chumvi za wagonjwa hupunguzwa ile sodiamu iliyoko kwenye chumvi ya kawaida, na mahali pake huwekwa potasiamu. Kwa mwenye shinikizo la damu ambaye figo zake ni nzima huenda ikamfaa. Kwa mwenye figo zilizochoka inaweza kuwa hatari kubwa, na wewe unaitia bila woga kwenye chakula, kisha unaloweka nayo karanga anazoonja kutwa. Geuza hicho kikopo, soma kilichoandikwa pembeni kwa maandishi yale madogo. Kichukue ukamwonyeshe daktari leo hii. Usikirudishe jikoni, na chumvi nyingine yoyote ya ajabu usiilete nyumbani kabla ya kuuliza.

Sisemi kuwa ulimtilia sumu. Ulimpenda kwa mikono yote miwili, ila hukuuliza. Kuna tofauti kubwa kati ya mke mwuaji na mke aliyeziba masikio daktari alipotaja karanga, lakini kwenye damu ya mgonjwa matokeo yanaweza kulingana, na hilo ndilo linaloniuma.

Sasa tuje kwa wifi na makademia yake. Umekuwa ukisema karanga zimekatazwa kana kwamba ni amri moja kwa wagonjwa wote na kwa kila aina ya punje. Haiko hivyo. Karanga, korosho, lozi na jamaa zao zina mafuta mazuri na protini, lakini pia zina potasiamu na fosforasi, mambo mawili ambayo figo zilizochoka hushindwa kuyatoa mwilini. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa ajihadhari. Kujihadhari kukoje, hiyo hutegemea figo zake zimefika hatua gani, damu yake inasemaje na siku hiyo amekula nini kingine. Yuko atakayeambiwa aache kabisa. Yuko atakayeruhusiwa kiasi kidogo, kiganja kimoja kisichojaa, zisizo na chumvi, tena si kila siku, na siku akila hizo apunguze kitu kingine chenye potasiamu. Na punje hazilingani. Korosho na lozi hubeba fosforasi na potasiamu nyingi, karanga nayo haiko mbali nazo kwa potasiamu. Makademia hubeba kidogo kuliko hizo zote.

Sasa kitazame tena kile kibakuli ulichokificha guniani. Makademia. Bila chumvi. Chache, kama zimehesabiwa, maneno yako mwenyewe. Mtu anayetaka kumwua ndugu yake kwa karanga, katika nyumba iliyojaa magunia ya karanga, anahangaika kununua makademia ya nini? Ninavyoona mimi, huyo ni mtu aliyekaa mbele ya mtaalamu wa lishe ukiwa wewe uko motoni, akasikiliza mpaka mwisho, akafanya alivyoelezwa. Sikuwepo kliniki, kwa hiyo usinichukue mimi kuwa shahidi. Wifi alikwambia uulize. Uliza! Lakini sikiliza na hili, kwa sasa potasiamu ikiwa juu hata hayo makademia yasimame mpaka daktari aseme. Ruhusa ya mwezi uliopita si ruhusa ya leo.

Hao ndugu wawili nao siwaachi hivi hivi. Wifi yako alikosea kusema usimwonyeshe mkeo, mambo ya mgonjwa hayafichwi kwa anayempikia. Lakini alisema utaleta vurugu, na wewe ulileta vurugu mpaka majirani wakatoka, sasa hapo nimtetee nani?

Mumeo ndiye aliyenikalia moyoni muda mrefu kuliko ninyi wote. Alinyamaza dada yake akitukanwa mbele yake, na nilimkasirikia kwa hilo. Halafu nikalisoma lile jibu lake, "Niache nifanye kazi yangu." Mama Karai, huyu mtu alikuwa anasimama kwenye moto wa baba yake, anabeba magunia, anajulikana madukani. Ukamketisha kwenye kiti. Nadhani anajua, pengine hataki kujua, kwamba siku mtu atakapohesabu zile punje anazoonja atanyang'anywa na hiyo. Kama angemtetea dada yake siku ile, maneno ya kliniki yangeanza kuchambuliwa hapo uani, mkaulizana anatia nini mdomoni kutwa, naye angebaki mgonjwa anayetazama wenzake wakifanya kazi. Hakuwa mroho, alikuwa anaogopa.

Kwa hiyo usirudi nyumbani ukamwambia tu kuanzia leo hakuna kuonja. Kuonja kukome, hilo halina mjadala, na daktari aambiwe kila kitu, punje za moto, punje za baridi na kile kikopo. Lakini mwache mlangoni mwa banda na umpe kazi ya kweli. Karanga iliyoiva inajulikana pia kwa harufu, kwa mlio wake kwenye mchanga, kwa rangi ya ndani ukiipasua. Aipasue aitazame, ainuse, akwambie toa au ngoja, halafu kutafuna utafune wewe. Yeye atakufundisha kuonja kama alivyofundishwa. Utakosea makarai machache mwanzoni. Wateja watanung'unika. Waache wanung'unike.

Polisi huna la kuwapelekea. Kikao kisivunjwe, watu wameshaitwa, waje. Utasimama mbele ya wale wale uliotaka kumshitaki wifi yako kwao, na utasema ulimwonea. Ulimtukana majirani wakisikia, kwa hiyo samahani ya pembeni haitoshi. Itakuuma, nawe iache ikuume.

Lakini usingoje Jumapili. Ukitoka hapo hospitali pitia kwake. Usimtume mtoto wala usiandike ujumbe, nenda na miguu yako. Hujui atakufungulia kwa uso gani, na kama ataufunga mlango, kaa hapo nje, hata yeye umemwambia angoje barabarani. Akikufungulia, usianze kueleza habari za potasiamu wala za kikopo, na usijitetee. Mwambie samahani, kisha mwambie ndugu yake kalazwa, na wewe hukumbuki hata neno moja alilosema daktari siku ile ya kwanza baada ya kutaja karanga, kwa hiyo unaomba akae nawe akueleze yote tangu mwanzo.